Sare za Buluu za Kwaya

Nyaboke alikuwa fundi cherehani mjini Homa Bay. Mwaka 1992 aliishonea kwaya ya kanisa lake la Sabato sare nane za kitambaa cha buluu, kigumu, cha bei nafuu, chenye matundu ya waya pembeni. Muuzaji hakueleza matundu. Nyaboke hakuuliza, aliyakunjia ndani ya pindo.

Kazi ni haramu siku ya Sabato, lakini kutazama viumbe wa Muumba si kazi. Jumamosi moja alasiri kwaya, Nyaboke akiwemo, ikaenda na sare zake hifadhi ya Lambwe kuona twiga. Twiga walikaa mbali. Mbung'o walikuja karibu.

Onyango, mtunza mitego ya mbung'o, alicheka hadi kofia ikaanguka. "Mama, hawa wadudu wanapenda buluu. Ndiyo rangi ya mitego yetu." Akapapasa matundu kwenye pindo la sare ya Nyaboke. "Na hiki kitambaa nakijua. Mwezi jana tumeibiwa mitego."

"Nilinunua sokoni."

"Sijasema umeiba. Nimesema nakijua."

Cephas, mume wa Nyaboke na kiongozi wa kwaya, alijikuna shingo akaendelea kuhesabu twiga. Walikuwa saba.

Wiki ya tatu akashikwa na homa. Hospitalini alipewa dawa ya malaria, kwa kuwa kila mtu huku ana malaria. Mwezi wa pili alisinzia akiongoza wimbo, mkono ukiwa bado hewani. Washiriki walicheka. Mzee wa kanisa alimshauri alale mapema.

Daktari akamuuliza Nyaboke, "Mama Mellen, mlisafiri wapi karibuni?"

Nyaboke akawaza twiga, kisha matundu, kisha polisi. "Hatujatoka. Sisi ni watu wa duka na kanisa."

Alisema ukweli siku kumi na tisa baadaye. Daktari hakumgombeza. Alipima damu, akaandika malale, ugonjwa wa mbung'o, akaagiza dawa kutoka mbali. Dawa ilifika Jumatano. Cephas alikuwa amekufa Jumatatu.

Kwaya iliimba kaburini ikiwa na sare. Baada ya matanga Nyaboke alizikusanya zote nane, akazifumua, akashona mitego sita, akampelekea Onyango.

Onyango alikagua mshono. "Hii imeshinda ya serikali, mama. Na yule mzee wa kuhesabu twiga, hajambo?"

Nyaboke akamwambia aitundike kwanza.