Kompyuta Kongwe ya Shangazi

"Shangazi, si wewe ndiye mkubwa wa maabara hii? Mbona unakalia kompyuta kongwe kuliko zote?" Nilikuwa na miaka tisa. Alicheka tu.

Masomo ya chuo anakofanya kazi hayakai ndani ya zile kompyuta sitini za maabara. Yanakaa kwenye seva moja, yaani kompyuta kuu, na kila kompyuta hufungua nakala yake. Shangazi akitengeneza pale kwenye seva, zote zimepona. Akikosea, zote sitini zinaugua siku hiyo hiyo!

Mwaka huu, asubuhi ya mtihani, nilikuwepo mhadhiri alipoingia mbio. "Dada, niongezee programu hii kwenye seva. Dakika mbili tu!"

"Dakika zako nazijua, mwalimu. Huwa zina wajukuu."

Shangazi akaijaribu kwanza kwenye kikongwe chake. Kikaganda kama jiwe. Mhadhiri akafuta jasho. Shangazi akaifuta ile programu, na mtihani ukaanza saa tatu kamili bila hiyo.

Wanafunzi walipotoka, nikamuuliza tena lile swali langu la utotoni.

"Siku ya mtihani viti vyote hujaa, lazima mtoto wa mtu aangukie kiti hiki," alisema. "Shida yake nataka niione mimi kwanza."