Mashimo Tisa Kati ya Michikichi

Karanga zikiozea ardhini hutoa harufu ya uchachu, kama pombe iliyosahauliwa mtungini. Juzi niliipata harufu hiyo nyuma ya soko, nikasimama palepale na kikapu changu, mtu mzima na mvi zangu, uso ukiniwaka kama mtoto aliyefumaniwa. Nitawaambia kwa nini, ingawa hata marehemu mume wangu sikumwambia.

Enzi za Mwingereza, baba alipanda michikichi kwetu Ikolo. Aliipanga kwa kamba, mistari imenyooka, akaipenda kuliko alivyotupenda sisi, na ole wake atakayeikaribia na jembe! Ndipo dada yake, shangazi yangu, akafiwa na mumewe huko ng'ambo ya mto Songwe. Mdogo wa marehemu akataka kumrithi. Shangazi hakutaka hata kumsikia, akarudi kwetu na kuomba kipande cha kulima. Baba akasema ardhi imejaa, labda katikati ya michikichi yake, tena kwa msimu mmoja tu.

"Karanga zikitoka utabaki, dada. Zisipotoka, utarudi kwa wakwe zako."

Shangazi wala hakubabaika. Ardhi aliijua bwana, watu walitoka hadi Busale kumwuliza wapande nini na wapi. Kwanza alishinda kutwa kati ya mistari akichomeka vijiti kila kivuli kilipofika. Kisha akachimba mashimo tisa ya kina cha kiwiko, kuanzia nyumbani kuteremka hadi bondeni. Karanga, alisema, hazitaki kulala na maji. Mvua kubwa ikinyesha usiku, asubuhi unakwenda kutazama. Shimo likikauka kabla ya adhuhuri, hapo panafaa. Likibaki na maji, paache.

Mvua ikanyesha, na asubuhi yake shangazi akaitwa msibani Ndandalo. Kazi akaniachia mimi, msichana wa miaka kumi.

"Lililokauka litie jiwe," akaniambia. "Nenda mwenyewe, mwanangu, usimtume mtu."

Kichwa kikanivimba. Nilisubiri jua lipande, nikatazama mashimo matatu ya juu. Yalikuwa makavu, nikatia mawe. Mara nikawasikia wanawake wa Kikisi wakipita na vyungu vyao, wale wanaokuuzia chungu kwa nafaka ya kukijaza. Mmoja alikuwa na vichungu vya kuchezea watoto. Sasa mimi nibaki kuchungulia mashimo? Nikateremka mbio nikirusha mawe katika mashimo sita yaliyobaki, sikuinama hata mara moja. Mawili yalilia chubwi. Nilisikia, jamani, nilisikia vizuri kabisa. Nikawafuata wale wanawake hadi sokoni, nikawabebea mzigo, nikapewa kichungu changu.

Shangazi alirudi kesho yake, jua limekwisha kuyakausha yote. Akatembea shimo hadi shimo, akaona jiwe katika kila moja, akageuka kunitazama.

"Uliyaona yote mwenyewe, kabla ya adhuhuri?"

"Ndiyo, shangazi."

"Ndaga fijo," akanishukuru, asante ile ya kwetu inayosemwa kwa moyo, na akapanda mpaka bondeni, mbegu zote alizokuwa nazo.

Mvua za masika zilipokolea, maji yakakaa kati ya michikichi ya chini siku baada ya siku. Majani yakawa ya njano. Tulipong'oa, karanga zilibonyea vidoleni, na ile harufu ikaingia hadi ndani ya nyumba. Za juu zilijaza kikapu kimoja tu.

"Si ulisema unaijua ardhi?" baba akauliza.

Shangazi akainamisha kichwa. "Nilikosea kupima, kaka."

Hakunitaja. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni, naiogopa fimbo ya baba, nikanyamaza. Wiki ileile nilimsindikiza hadi Songwe nikiwa nimembebea mkeka. Alipopanda mtumbwi kurudi kwa yule asiyemtaka, nilimwambia safari njema. Basi.

Kwa miaka mingi nilijifariji kwamba alijua, kwamba alinifichia kosa langu na kunisamehe. Nilikuwa nimekwisha kuwa mwalimu nilipovuka mto kumtembelea. Nilimkuta shambani, mgongo umepinda, akimwuliza kijana wa mke mwenzake apande wapi maharage. Shangazi yangu huyo! Kijana akamwonyesha kwa kidole tu, huku akitafuna muwa, naye akamshukuru. Kumbe hakuwahi kunifichia kosa. Aliniamini mimi, mtoto wa miaka kumi, akaacha kuyaamini macho yake mwenyewe.

Aliponiona alifurahi mno, akanishika mkono na kunivuta hadi ukingoni mwa shamba, kwenye miembe michanga iliyopandwa kwa mstari.

"Wewe umesoma," akasema. "Hebu nitazamie. Hapa katikati panafaa?"

Nilifungua kinywa nimweleze yote.

"Panafaa, shangazi," nikasema.