Kiapo Nilichokilaani Mwenyewe

Nikisimulia hili hata leo uso hunichoma, lakini waliokuwepo wengi wameshanisamehe, basi acha niseme. Nilikuwa wakili hapa Tabora, nikaingia kwenye chama, na miaka ile ya Ujamaa, nikiwa naomba ubunge, wakanipa na uenyekiti wa mpira wa mkoa (mimi ambaye sikuwahi kupiga hata danadana tatu).

Jumamosi moja tukakaa kusikiliza rufaa. Timu ya Isevya ilidai kuwa Yohana, mshambuliaji wa Ipuli, kwao Ziba anaitwa Masanja, hivyo anacheza kwa jina la uongo, na kwamba hati ya kiapo inayosema majina yote mawili ni yake ilikuwa ya kughushi. Ikithibitika, kijana anafungiwa. Faili nililetewa tangu Alhamisi, nikasema nitalisoma palepale mezani, na mezani sikulisoma, maana ukumbi ulijaa (wapiga kura hao), nami nikaona ndiyo nafasi ya kuonekana mkali, nikasimama nikasema karatasi za namna hii ndizo zinazoharibu taifa changa, na wakili aliyeiandika anyang'anywe kazi. Wakapiga makofi. Katibu akaninong'oneza nitazame chini ya ukurasa, nami kwa kulewa makofi nikamwambia asome kwa sauti, wote wasikie.

Akasoma. Jina langu, mhuri wangu.

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mpaka mbele. Ningenyamaza ningepona, lakini nikasema mhuri ule uliibwa. Hapo akainuka mama mmoja mtu mzima, mama yake Yohana, aliyetoka Ziba kwa ajili ya rufaa ile.

"Haukuibwa, mwanangu," akasema taratibu. "Niliapa mbele yako. Masanja ni jina la babu yake, Yohana alipewa kanisani. Uliandika kweli."

Nikamkumbuka. Sijawahi kufurahia kuumbuliwa kama nilivyofurahia siku ile, maana hati ilikuwa halali, kijana hakuwa na kosa, na uamuzi nilikuwa bado sijautia saini. Nikamwamkia mbele ya watu wote, nikamwomba radhi, nikaitupa rufaa.

"Marahaba," akasema. "Sasa mwache acheze."

Ubunge niliupata kwa shida, lakini tangu siku ile sisemi neno juu ya karatasi ambayo sijaisoma hadi mwisho, na makofi yakianza mapema, nakaa chini.