Nyumba Iliyobisha kutoka Ndani

Mdogo wangu Wafula alimwambia mama kwa simu kutoka Dubai kwamba kuna mtu anamsalimia ukutani, na kwamba yeye humjibu kwa sababu kukaa kimya ni kukosa adabu. Mama hakulia wala hakukemea. Alinipigia mimi. Wakati huo nilikuwa nikifundisha fizikia katika shule ya upili mjini Kitale, na likizo ya Agosti ilikuwa imekaribia.

"Nenda ukamwone kwa macho yako," akaniambia. "Ukiona amepotea, mrudishe. Ukiona anadanganya, mrudishe vilevile."

Basi nikaenda Dubai, mimi ambaye sikuwahi kuwa na hamu ya kuona majumba marefu.

Tulitua asubuhi, na joto likanipokea mlangoni kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa. Nilifikia mtaa wa Karama, kwa Namubiru, Mganda aliyefanya usafi hotelini na kusali kanisa moja na Wafula. Chumba alichokaa na wenzake kilikuwa na vitanda vingi vilivyotenganishwa kwa mapazia, na mwenzao mmoja aliyekuwa safari aliniachia chake. Namubiru alinipa chai, akasubiri nimalize, ndipo akaniambia kwamba kila Ijumaa Wafula alizoea kuja kula nao. Siku ya mwisho alikaa ameinamisha sikio upande wa ukuta, akitabasamu wakati hakuna aliyesema neno. Tangu hapo hakurudi.

Kesho yake nilipanda metro, kisha basi, hadi Dubai Investments Park, eneo la viwanda, maghala na makazi ya wafanyakazi. Wafula alikuwa akinisubiri kituoni na sare yake ya ulinzi. Alikuwa amekonda, lakini macho yake yalikuwa yaleyale, na alinitania kuhusu mkoba wangu. Hofu yangu ikapungua kidogo.

Kazi yake ilikuwa kulinda jengo tupu la ghorofa nne. Kampuni iliyolaza watu wake humo ilifungwa, wakaondoka upesi. Alinipitisha vyumbani. Vitanda vya chuma bado vilisimama viwili viwili. Chumba kimoja kilikuwa na shati kwenye hanga, limepigwa pasi, likisubiri. Ndara zilipangwa nje ya milango kana kwamba wenyewe walikuwa ndani wamelala, nikajikuta nanyata.

Jua lilipoanza kuegemea magharibi, Wafula alininyamazisha kwa kidole. Nikasikia. Kulikuwa na mgoto mkavu ndani ya nguzo, kisha mwingine kwenye nguzo ya pili, kisha wa tatu mbele zaidi, kama mtu mwenye viatu vya misumari anayetembea ndani ya zege na kutupita. Nywele za mikono zilinisimama. Wafula aligonga ukuta mara tatu kwa kifundo cha kidole, kwa upole, kama anayebisha hodi kwa jirani.

"Sasa umemsikia, dada," akasema. "Mwambie mama."

Nilijiambia ni joto, kwamba vitu hutanuka, jambo ninalofundisha kila mwaka. Lakini vitu vinavyotanuka sikuwahi kuvisikia vikitembea.

Asubuhi iliyofuata nilirudi kutoka Karama, na gari dogo likasimama mbele ya jengo, wakashuka watu wawili kutoka Vietnam. Mmoja alikuwa Daktari Lan, mama wa makamo mwenye kofia pana, mwingine Minh, mhandisi mwenzake. Walitoka chuo kikuu kimoja cha Hanoi, na mmiliki mpya wa jengo aliwaita wamwambie kama linafaa kukarabatiwa. Kazi yao ilikuwa kusikiliza zege. Waligandisha kwenye nguzo vipokezi vidogo kama vifuniko vya chupa, wakavuta nyaya hadi kwenye kompyuta. Nilipomwambia Daktari Lan kwamba mimi ni mwalimu wa fizikia, alinivisha hedifoni bila kuniuliza zaidi.

Humo ndani nguzo haikuwa kimya hata kidogo. Ilichakarisha, ilitafuna, ilivuta pumzi. Niliivua upesi.

Mchana tulikula wali kivulini, na Daktari Lan akanieleza. Mchanga uliotumika kujengea ulikuwa na chumvi. Chumvi ilikula nondo, nondo zikaota kutu, kutu ikavimba, na zege likaanza kupasuka kutoka ndani. Jua la alasiri lilipozunguka jengo, nyufa nazo zilizunguka nalo, nguzo kwa nguzo. Hizo ndizo hatua tulizosikia. Alizungumza juu ya chumvi kama mtu anayemtaja adui wa ukoo. Kwao, alisema, kila mwenzake anapigana nayo kwa namna yake: mmoja anatafuta mpunga unaovumilia mashamba yaliyoingiliwa na bahari, mwingine anachoma makapi ya mpunga huohuo kupata majivu ya kuimarisha saruji, na kuna kijana anayechuja maji ya visima kwa mkaa wa mianzi. Yeye alichagua kusikiliza, kwa kuwa alikulia katika nyumba za zamani karibu na bahari, ambako ukuta ulibisha kila jioni na bibi yake akauchomea ubani.

"Sasa unajua ilikuwa kutu," nikamwambia.

"Najua," akajibu. "Na nikienda kwetu bado nauchoma."

Wafula alisikiliza yote haya akiwa ametazama chini. Nilidhani angefarijika. Badala yake aliuliza kuhusu jengo la jirani, ambalo lilijengwa na mkono uleule, mwaka uleule. Lile halikuwa tupu. Wanaume wengi walilala humo, Wakenya, Waganda na wengineo, na nguo zao zilining'inia kwenye kila dirisha. Daktari Lan aliacha kula. Walikwenda na vipokezi, wakavigandisha kwenye nguzo za barazani, na Minh alipovaa hedifoni uso wake ulibadilika.

Meneja wa majengo alipopigiwa simu alisema wataangalia, inshallah, wiki ijayo. Daktari Lan alimwambia kwamba wiki ijayo huenda isifike kwa jengo hilo. Meneja akasema khalas, imetosha, waliitwa kupima jengo moja, si mawili.

Ijumaa, siku ya mapumziko, Wafula aliingia jengo la jirani chumba kwa chumba akiwaomba watu watoke. Walimcheka. Walimjua, yule mlinzi anayeongea na kuta. Mkenya mmoja alimwambia, "Buda, rudi kwa mzimu wako." Nilisimama ukumbini nikiwa na aibu kwa ajili yake, kisha nikaona haya kwa aibu hiyo.

Ndipo Daktari Lan alipoketi barazani, akaunganisha mashine yake, akamnyooshea hedifoni yule aliyecheka sana. Jamaa aliivaa akiwa bado anatabasamu. Tuliona tabasamu likimtoka polepole. Aliivua, akampa aliyemfuata. Ikapita mkono hadi mkono, barazani kote. Kabla ya swala ya alasiri magodoro yalikuwa yanashushwa, na watu wakaketi juu yake chini ya ukuta wa ghala, jua likiwachoma.

Meneja alifika amefura, akasema atawaripoti wote kwa waajiri wao. Alikuwa bado anasema Minh alipoinua mkono. Minh alikuwa akitazama kompyuta, mistari ya sauti kutoka vipokezi vilivyobaki katika jengo letu tupu. Ilikuwa imelala.

"Limenyamaza," akasema.

Nikauliza kama hiyo si heri. Daktari Lan alikuwa tayari ameshika mkono wa Wafula na kumvuta mbali na lango la jengo lile tupu. "Linalolia bado linashikilia," akaniambia. "Likinyamaza ghafla, limeachia."

Tulisimama tukilitazama. Kwa muda hakukutokea lolote, na ile shwari ndiyo inayonijia usingizini hata leo. Kisha kona ya magharibi ikapiga magoti. Ghorofa zilishuka moja juu ya nyingine kwa ustaarabu wa ajabu, na vumbi likatufunika sote, meneja na wenye magodoro.

Hakuna aliyeumia. Wenye mamlaka walifika, na jioni ileile jengo la jirani likafungwa, wanaume wakahamishiwa kwingine kwa mabasi. Yule Mkenya alimtafuta Wafula kabla ya kupanda. Alimshika mkono kwa muda mrefu, akaondoka.

Siku iliyofuata tuliwaaga Wavietnam. Minh alitaka tuone jambo. Alikuwa amepitia sauti zote za lile jengo tupu na kuzipatia kila moja chanzo chake, ila sauti chache. Kila Wafula alipogonga mara tatu, mashine ilimnasa. Baada ya kitambo, kutoka ghorofa ya tatu ambako hapakuwa na mtu, ilinasa migoto mingine mitatu, kwa mwendo uleule. Ilitokea hivyo mara nyingi mno, isiweze kuwa sadfa. Nilimtazama Daktari Lan anieleze, kama alivyonieleza chumvi na kutu.

"Sijui," akasema. "Na nyumba haipo tena ya kuuliza."

Wafula aliinamisha kichwa kwa adabu, kama mtu aliyepewa salamu za rafiki.

Kwa kuwa jengo halikuwapo, mlinzi hakuwa na cha kulinda, na kampuni yake ya ulinzi ikamwachilia kutoka kwenye mkataba. Tulipita soko la viungo la Al Ras kumnunulia mama iliki na zafarani, tukisukumana na wachukuzi wenye mikokoteni, na katika zogo lote lile Wafula alicheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Ndege ilipoinuka alilala, na hakuamka hadi Nairobi.

Nilikuwa nimekwenda kupima akili ya mdogo wangu. Nilijifunza kwamba mtu anaweza kukosea jina la kitu na bado akawa amekisikia kweli, na kwamba sisi tuliosoma huwa wepesi kusahihisha jina. Nilijifunza pia, kwa mama yule wa Hanoi, kwamba neno "sijui" laweza kusemwa na kichwa kikiwa juu.

Tulipofika nyumbani Bungoma, tulikuta mama amemwalika mzee wa kanisa amwombee Wafula. Mzee alikuwa ameshafungua Biblia. Wafula akapiga magoti bila ubishi, kama mtoto. Mama alimtazama. Kisha akamwomba mzee asubiri, akaenda kuzima redio, akafunga dirisha la upande wa barabara, akaketi karibu kabisa na mwanawe.

"Haya," akamwambia. "Anza mwanzo. Nasikiliza."