Tulivyoenda Elburgon Kuisikia Amina ya Baba

Mama alikuwa ameanza kuisahau sauti ya baba, na hiyo ndiyo sababu tuliondoka Kaptembwo. Aliniambia akichambua majani ya sukuma, bila kuniangalia. Picha yake ninayo ukutani, akasema, na koti lake ninalo, lakini nikitaka kumsikia akiniita, sipati kitu. Baba alikuwa ametimiza miaka miwili kaburini. Simu hakuzipenda kamwe. Ukijaribu kumrekodi, alifunga mdomo mpaka uizime.

Sauti yake ilibaki mahali pamoja tu, kwenye kaseti ambayo kwaya yao ya zamani ilirekodi Nairobi sisi tukiwa wadogo. Katika wimbo wa mwisho kwaya nzima hunyamaza ghafla, kisha mtu mmoja wa besi anaimba "Amina" peke yake, na wengine wanamfuata. Mtu huyo ni baba. Alituambia maisha yake yote kwamba kati ya wanaume wote wa kwaya, mwalimu alimchagua yeye. Wageni waliambiwa, wakwe waliambiwa, na daktari aliyempasua ngiri aliambiwa kabla dawa ya usingizi haijamshika mgonjwa vizuri. Kaseti yetu wenyewe iliharibiwa na kaka yangu, ambaye aliuchomoa utepe wote akaufunga shambani kufukuza ndege. Upepo ulipovuma utepe ulinguruma, ndege wakaruka, na baba hakumsemesha kaka mpaka mavuno.

Basi nikapiga simu huku na kule, mpaka nikaambiwa kwamba Mwalimu Eliya, aliyezitunga nyimbo zile na kuiongoza kwaya, yuko hai Elburgon, na kaseti anayo.

Jumamosi asubuhi tulipanda pikapu ya jirani yetu Karis, aliyekuwa anakwenda huko kuchukua viazi. Mama alitoka akiwa amevaa nguo yake ya Pasaka, viatu vimepigwa rangi, uso unang'aa mafuta.

"Shosho, kwani leo kuna harusi?" Karis akamtania.

"Naenda kuona bwanangu," mama akajibu, akaingia akafunga mlango.

Karis alinitazama. Mimi nikatazama barabara.

Kabla ya Njoro, Karis aliwasha muziki ili kutuchangamsha. Mama akamwambia azime, kwa sababu alitaka masikio yake yafike Elburgon yakiwa hayana kitu ndani. Tukasafiri hivyo, kimya kama watu waliokosana. Tulipofika Njoro, mama alianza kuulizauliza. Na kama redio imekula utepe? Na kama ni kaseti ya kwaya nyingine? Nikamjibu kila swali kwa ujasiri ambao sikuwa nao, maana mimi pia nilikuwa nimelala vibaya nikiyawaza hayo hayo.

Baada ya Njoro baridi ilianza kupanda miguuni. Tulipita mashamba ya ngano, kisha miti, kisha nyumba za mbao zenye moshi, na mvua nyembamba iliyogeuza barabara ya kuingia kwa Mwalimu kuwa uji. Karis alitushusha barabarani akaenda kwa viazi vyake. Mama alivua viatu vyake vya Pasaka akavibeba mkononi. Alivivaa tena langoni.

Mwalimu Eliya alitoka nje na sweta mbili na koti juu yake, mrefu, amepinda kidogo. Alimshika mama mikono yote miwili.

"Mama Wanja! Karibu sana. Pole tena, pole sana."

Niliiona kaseti juu ya meza, kando ya redio. Lakini Mwalimu aliketi mbali nayo. Tukanywa chai. Tukala viazi. Tukaomba. Tukaongezwa chai. Akatupeleka kuona ng'ombe, akatueleza ukoo wa kila mmoja. Tuliporudi ndani mama akaomba asikie wimbo sasa.

"Aki hamna bahati," akasema Mwalimu. "Stima imepotea."

"Mwalimu, na hiyo taa ya jikoni?" mama akauliza.

Mkewe, Mama Chebet, alichungulia kutoka huko jikoni kulikokuwa kunawaka taa. "Si uwaambie tu, Baba Chebet."

"Wataumia."

"Waliumia wakizika. Hii ni nini?"

Mwalimu akavua kofia. "Mama Wanja, ile Amina haikuwa kwa wimbo wangu. Hapo nilitaka watu wanyamaze, wahesabu kwa roho, halafu waingie wote pamoja. Sasa bwanako... alichoka kungoja."

Akaizungusha kofia mikononi.

"Nikaomba turudie. Mwenye studio akakataa, ati kwaya ingine iko mlangoni. Nikasema sawa, nani atajua? Kumbe kaseti ikienda, kwaya zote huku zinajifunza kwa kusikia. Molo, Njoro, mpaka Subukia, kila kwaya ikatafuta mtu wake wa hiyo Amina. Siku moja nimeitwa kuwa jaji wa mashindano, kwaya fulani ikaimba vile mimi mwenyewe nilitunga. Majaji wenzangu wakaikata alama, ati imesahau Amina."

"Na wewe ukasema nini?" nikauliza.

"Ningesema nini? Mimi ni mtungaji tu."

"Yeye alijua?" mama akauliza polepole.

"Alijua. Tukirudi nyumbani alilia njia yote. Nikamwambia, wakikuuliza, sema nilikuchagua."

Nilikasirika. Mama alikuwa amekuja kumchukua mumewe, sasa anapewa aibu yake. Nilimwona akikunja kitambaa na kukikunjua, nikafikiri atasimama tuondoke. Lakini alisogeza kiti chake mpaka goti likagusa meza.

"Weka," akasema.

Wimbo ukaanza, na mkwaruzo wake, sauti ya kwanza juu, besi chini. Kisha kwaya ikanyamaza. Mama akashika mkono wangu. Katika ule ukimya tulisikia mtu akivuta pumzi, pumzi ndefu, ya mtu anayetaka kubeba gunia. Halafu, "AMINA!" Ilikuwa kubwa, ya furaha, na mapema kabisa. Nyuma yake kwaya ikaingia vipandevipande, kila mtu akikimbia kumfikia.

Mama alicheka. Alicheka mpaka Mama Chebet akaacha sufuria akaja, akacheka naye, kisha mama akalia, kisha akacheka tena huku analia.

"Ni yeye kabisa! Siku ya harusi yetu alisema 'ndiyo' pasta hajamaliza swali."

Mwalimu alifuta macho yake akajifanya anatengeneza redio. Nikaweka simu yangu karibu nikarekodi. Mara ya kwanza jogoo aliwika katikati, tukarudia.

Jioni Karis alikuja na magunia yake. Njiani mama alishika simu sikioni akisikiliza kipande hicho tu, nami nikimrudishia nyuma kila kilipokwisha. Nilikuwa nimetoka Kaptembwo nikitafuta ile sauti ambayo baba alijisifia. Mama hakuwa na haja na sifa. Mtu aliyemkosa ni huyu wa kuharakisha, na huyo ndiye tuliyempata.

Karibu na Njoro mama alilalamika kwamba injini inamfunika baba.

Karis akaegesha kando ya shamba la ngano, akazima gari. "Sasa weka, shosho. Hata mimi nisikie huyo boss."

Kwaya ikaimba, ikanyamaza. Pumzi ikavutwa.

"Hapo," mama akanong'ona. "Kila asubuhi kabla ya kuniita alikuwa anavuta hivyo." Akainamia simu. "Ngoja, Baba Wanja. Ngoja kidogo."

Hakungoja.