Saluti ya Shangazi Subira

Falone alizaliwa na kicheko mdomoni, na Kasongo nzima inajua. Kwaya ya parokia ilimtoa kwa sababu alicheka katikati ya Baba Yetu. Kwa hiyo aliposema anataka kuwa ofisa wa jeshi, ukoo mzima ulishika mbavu. Mmoja tu hakucheka: babu yake Kitenge, jenerali mstaafu, aliyempakia nyuma ya pikipiki yake, mzee yule na goti lake bovu, akampeleka hadi Kindu kufanya mtihani wa jeshi, naye akafaulu.

Sasa babu alikuwa amefariki, na serikali iliamua azikwe kwa heshima zote za taifa, kwao Kasongo, kama alivyousia. Kadeti waliletwa kwa ndege kubeba jeneza, Falone akiwa mbele, upande wa kulia. Kapteni Magloire, mgeni asiyejua mambo ya huku, aliwaonya mapema: kadeti atakayecheka chini ya jeneza lenye bendera anatoka kwenye kikosi cha heshima, na harudi tena. Alikuwa akimtazama nani aliposema hivyo, tusiulizane.

Falone hakumwogopa kapteni. Alimwogopa Subira, mjukuu wa kwanza wa babu, ambaye kwa umri wake wadogo wote walimwita shangazi. Maana kwetu mazishi ya mzee ni ya wajukuu: wao ndio wenye ruhusa ya kumtania marehemu, kuvaa nguo zake na kufunga njia, na jeneza halipiti mpaka wapewe wanachotaka. Haki hiyo hata askofu hawezi kuwanyima.

Walitoka kanisani kwa mwendo wa pole, buti zikigonga pamoja. Hawajafika sokoni, huyo hapo Subira, muuza mawese, katikati ya barabara, koti la jenerali likimfika magotini na kofia imemeza masikio. Alichechemea kama babu, akawakagua waombolezaji mmoja mmoja, akawakaripia kwa vifungo vyao. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Falone aling'ata ulimi. Shangazi akaja kusimama mbele yake kabisa.

"Munabeba nani?" aliuliza. "Jenerali iko hapa, na hakuna mutu amemupigia saluti. Hamupite."

Kapteni alitazama kushoto, akatazama kulia. Wazee walimnong'oneza kwamba njia nyingine hakuna. Mkubwa ni jalala: akabana visigino, akampigia muuza mawese saluti safi kabisa. Subira akaijibu kwa mkono wa kushoto, kama babu, ambaye mkono wake wa kulia haukuacha fimbo.

Hapo kicheko kikamponyoka kapteni mwenyewe. Kadeti nao wakatikisika, jeneza likayumba, na pembe moja tu ikabaki imetulia, ya mbele kulia. Falone hakucheka. Alimwona babu amesimama barabarani, mzima, akimsubiri apande pikipiki, na machozi yakamshuka hadi kwenye kola.

Kapteni hakumwadhibu mtu. Angeanza na nani? Alimwambia Falone tu kwamba nafasi yake iko palepale. Msibani baadaye, sahani za pondu, yale majani ya muhogo, zikizunguka, Subira alikuja kuketi karibu naye, amenuna, koti bado mwilini.

"Wote walicheka, hata mukubwa wenu," alilalamika. "Weye ndiye nilikuwa natafuta. Nilikosea wapi?"

"Haukukosea, shangazi," Falone alisema, akimfunga kifungo cha koti kilichofunguka. "Ulitembea sawa na yeye kabisa."