Mtihani wa Tahvo Mchoma Lami

Tahvo Kolehmainen alikuwa na miaka arobaini na mmoja, tanuri la kuchomea lami ya misonobari, na mchumba mpya, Loviisa, mkamua ng'ombe wa shamba la jirani. Parokiani kwetu huozwi mpaka usome katekisimu mbele ya mchungaji. Kila majira ya baridi mchungaji huzunguka vijijini na daftari lake, akala supu ya njegere za watu, akawatia alama kama ng'ombe wa mnada.

Tahvo hakujua hata herufi moja. Marehemu mama yake alimkaririsha kitabu kizima, na mahali pa kufunua kurasa pia. Miaka ishirini alisoma kwa sauti iliyowaliza wanawake. Mchungaji mzee, nusu kiziwi, akamsifu.

Mzee akafa. Mchungaji kijana akaja na katekisimu mpya.

"Soma hapo."

Tahvo akakodolea ukurasa, akaimwaga ile ya zamani yote, akafunua karatasi katikati ya sentensi.

"Unasoma kitabu gani, ndugu?"

"Hiki nilichoshika, baba mchungaji."

"Hayo hayamo humu."

"Basi kitabu ndicho kimekosea," akadakia fundi viatu kutoka nyuma. "Tahvo hajawahi kukosea."

Watu wakacheka. Mchungaji hakucheka. Ndoa ikasogezwa mwaka mzima.

Nje, Loviisa alimngoja kwenye theluji. "Miaka yote hiyo nalia, kumbe unanidanganya?"

"Si ulilia kwa sababu ilikuwa tamu?"

"Ilikuwa tamu, mjinga we. Haya, tazama. Hii ni A. Kama paa la ghala."

Akamfundisha kwa mkaa juu ya gome la mti. Walifika katikati ya kitabu. Baridi ilikuwa imeua shayiri, watu wakala mkate wa unga wa magome ya miti, na mwezi wa Mei homa ikamchukua Loviisa. Kanisa lililokataa kumwoza lilimzika bila kuuliza swali hata moja.

Majira ya baridi yaliyofuata Tahvo alisoma, neno kwa neno, sauti ikikwaruza. Hakuna aliyelia. Ile katekisimu ya mama ilikuwa imemtoka kichwani. Kila akiitafuta, anaona herufi tu.

"Umefaulu," mchungaji akasema, akitia alama. "Sasa hakuna kizuizi. Mchumba ni nani vile?"

Tahvo akaliinamia daftari. Kidole chenye lami kikashuka polepole kwenye majina mpaka lile lililokatwa kwa mstari. Akalisoma kwa sauti, herufi moja moja, kama alivyofundishwa.